Nguzo Juu ya Baraza

Mazungumzo ya Mzee Mahrous yalikuwa na shimo la miezi kumi na tisa. Nyumbani kwake Aija, Oman, angekusimulia shule, mpira, harusi ya dada yake Unguja. Akifika mwaka wa mapinduzi, huiweka sawa kofia, huomba kahawa, na hadithi huibukia melini, tayari anakuja Oman. Watoto wake walizoea kuliruka shimo hilo kama kipandio kilichovunjika.

Mwaka jana mjukuu wake Tahani, anayesomea ujenzi chuoni Nizwa, alikuja na kitabu cha magofu ya Kirumi. Mzee akaikazia macho picha.

"Nguzo zote hizi, watu wao wakikaa wapi? Baraza ziko wapi?"

"Wallahi babu, Warumi hawana baraza."

"Basi mimi niliwajengea."

Akaomba kahawa. Safari hii hakuruka.

Alikuwa na miaka ishirini na moja, mchoraji wa ramani za nyumba. Askari wa mapinduzi walimkamata kwa jina la baba yake tu. Gerezani alichora kwa mkaa kwenye karatasi za pakiti za sigara. Kuchora nyumba nzima hakuthubutu. Nyumba nzima zilikuwa zinachukuliwa na serikali. Akachora magofu, yenye nguzo alizowahi kuziona katika kitabu cha shule kilichochanika ukurasa upande wa chini. Hakujua nguzo husimama juu ya nini, akazisimamisha juu ya baraza. Wenzake wakagawana kwa maneno, kila mtu na gofu lake.

"Mimi lenye kivuli," alisema Marzouq, kinyozi. "Gofu hakuna wa kulitaifisha."

Siku moja afande akazikuta karatasi, na vipimo vimeandikwa pembeni.

"Ramani ya gereza hii. Mnataka kutoroka."

Kwa neno hilo mtu aliweza kupotea. Mahrous akasema, "Nipe karatasi, afande, nichore gofu jengine mbele yako. Likifanana na gereza lolote, nifanye utakavyo."

Alichora tangu adhuhuri mpaka alasiri. Nguzo ya kwanza ikasimama, kisha ya pili. Ngazi ikapanda, ikaishia hewani. Afande akainama.

"Ngazi hii inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, afande."

"Na hapa barazani?"

"Hapo ni pako wewe, ukichoka kusimama."

Askari wakaangua kicheko. Afande akajizuia, akashindwa, akacheka naye. Aliondoka na mchoro ule tu; kesho yake akaleta daftari jipya.

Mahrous alitoka na magofu kumi na manne, yameshonewa kwenye pindo la kanzu. Marzouq aliugua humo humo, hakutoka. Shimo lile katika mazungumzo ya Mzee lilikuwa la Marzouq.

"Yako wapi, babu?" Tahani aliuliza.

Mzee akainuka, akafungua sanduku. Karatasi zilikuwa za manjano, lakini mistari imesimama, haijatikisika hata mmoja.

"Muoneshe mwalimu wako," akasema. "Mwambie nguzo bila baraza ni kiburi."

Sasa Mzee Mahrous ana miaka themanini na mbili. Anakaa Aija, nyumba ya pili kutoka darajani. Magofu yote kumi na manne yametundikwa sebuleni, na lenye kivuli lina jina la Marzouq chini yake.