Kuonja Kwanza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Siku yule wakala wa watalii aliposukuma kikombe pembeni na kuniuliza, "Dada, hivi umekunywa uji wangu?" nilitaka kumjibu vibaya. Nikafungua mdomo, na mdomoni mlikuwa na ladha ya uji.

Sikujua nimeonja saa ngapi. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko macho yake. Nilikumbuka kuumimina, kuubeba kwenye trei, kuinama kumsalimia. Katikati ya hapo mkono wangu ulikuwa umepeleka kikombe mdomoni, mbele yake, ukakirudisha bila kuniuliza.

Nilikuwa mpishi wa nyumba ya wageni pale Malangali, Sumbawanga mjini, vyumba sita tu. Bosi wangu ni mama wa Mbeya, mtumishi mstaafu, ambaye kiinua mgongo chake chote kimeishia kwenye kuta zile. Wakala alitoka Arusha kutafuta mahali pa kulaza watu wanaokwenda kuona maporomoko ya Kalambo, pale mpakani na Zambia. Bosi ana kinyongo na wenzetu wa Zambia. "Maji ni yale yale," husema, "lakini mgeni anatua kwao, anakula kwao, analala kwao. Sisi anatuona ng'ambo tu." Uji wetu wa ulezi ndio ulikuwa tegemeo letu, maana chapati na soseji anazipata popote.

Wakala alisema angerudi baada ya wiki mbili. Alisema kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Bosi akaniita jikoni.

"Mdogo wangu, nakupenda, lakini ukirudia tena sitakuwa na la kufanya, utaondoka. Watu wakisikia Sumbawanga tu tayari wametishwa na wenzao huko kwa habari za uchawi. Na wewe unawaongezea!"

Siku zile sikutulia. Nampa fundi chai, nimeonja. Nampa jirani maji, nimeonja. Nikajifunga kitambaa mdomoni kama muuguzi, nikajikuta nimekishusha. Nikagombana na kila mtu, hadi na paka. Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda kijijini kumuuliza mama yangu ni nani alinifundisha upuuzi huo.

Nilimkuta uani anapeta ulezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza, nikitegemea acheke. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mgeni akiona, hilo nalijua tangu zamani. Lakini hiyo ni pombe, na watu huonja huku wakitaniana. Nani anaonja maji?

Mama akaweka ungo chini. "Hakuna aliyekufundisha," alisema. "Ulikuwa mgongoni."

Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu aliwahi kufia nyumbani kwetu. Alikuwa muuza samaki wakavu kutoka Wampembe, akaomba pa kulala, mama akampa pombe ya ulezi. Usiku akalalamika tumbo. Asubuhi hakuamka. Watu wakajaa uani, wakamzunguka mama wakimuuliza ametia nini. Hakutia kitu. Baada ya hapo kila alichompa mtu, hata maji, alikionja kwanza huku anatetemeka, nami nimefungwa kwa kanga mgongoni pake, sijaanza hata kusema.

"Ulikuwa unalia kila nikiinua kikombe," alisema. "Mimi niliacha ulipoanza shule. Nikadhani na wewe umesahau."

Nilimkasirikia. Huruma ilinijia baadaye, njiani, upepo wa kule juu ukinipiga machoni. Lakini pale uani nilimkasirikia sana, kwa kunibebesha kitu ambacho sikukiona kikiingia.

Wakala akarudi. Nikamimina uji, nikabana meno, nikaishika trei kwa mikono miwili mpaka mezani. Nikaweka. Sikuonja. Bosi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashusha pumzi. Wakala akainua kikombe. Sijawahi kuogopa vile maishani. Nilitaka kumpokonya. Alikunywa wote, akafuta midomo, akasema ni mtamu na kwamba kundi la kwanza lingekuja mwezi unaofuata.

Jikoni wakapiga vigelegele. Mimi nilibaki palepale namtazama.

"Dada, kuna tatizo?"

"Hapana. Unajisikiaje?"

"Safi kabisa!" Akacheka.

Sasa wageni wanakuja, na mimi ndiye ninayewahudumia mezani. Bosi hunisomea wanayoandika mtandaoni, anajivuna. Wanasema maporomoko wangeweza kuyaona hata upande wa pili, lakini hawajakutana na ukarimu kama wa yule dada wa Sumbawanga, ambaye hakuachi mpaka umalize kikombe, na asubuhi anakuja mwenyewe kukugongea mlango kuuliza umeamkaje.

Nagonga mapema mno, wengi bado wamelala. Asiyejibu haraka namgongea tena, kwa ngumi.