Kitufe cha Shangazi Dama

Juzi kazini mwenzangu mgeni alikuwa akishuka mstari kwa mstari kwenye skrini nyeusi, nikamwonyesha kitufe cha kurukia mwisho wa maandishi. Alipokibonyeza, maneno yakatoweka. "Nimefuta?" akauliza, nami badala ya kucheka nikakumbuka utoto wangu.

Duka la kuchapa la shangazi Dama, pale Malindi, lilinukia wino na mahamri ya jirani. Alasiri ile alikuwa akichapa wasifu wa marehemu Mzee Karisa, jirani yetu wa Ganda. Vidole vyake havikutoka kwenye herufi za kompyuta, na kishale cha kijani kiliruka kwenye skrini kila alikotaka. "Usiguse, mwanangu," alisema akitoka kumpokea mteja.

Niligusa kitufe kimoja. Mzee Karisa, minazi yake na wanawe wote wakatoweka. Ikabaki dua ya mwisho peke yake, mahali pema peponi.

Sikumwambia shangazi. Mazishini nililia kwa kwikwi, nikingoja msomaji afunue karatasi tupu. Mama Sidi, mjane wake, akanivuta kwenye leso yake iliyonuka moshi. "Basi, mwanangu. Hata yeye alikupenda." Wasifu ukasomwa mzima, nikaamini shangazi alikesha akiuchapa upya.

Sasa najua sikufuta hata herufi moja. Kishale kiliruka tu, na Mzee Karisa alikuwa juu kidogo, hajaguswa. Lakini nikipita Ganda humwamkia Mama Sidi, naye huitikia marahaba, kisha huwaambia waliopo, "Huyu ndiye aliyemlilia mzee kuliko wanangu."