Mama Ngazi na walinzi aliowaacha bila rangi

“Shemeji, shuka.”

“Zimebaki herufi tatu. Nikimaliza nitashuka hata kwa kuruka.”

“Ulisharuka mara moja, ndiyo maana tunabishana.”

Ni asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Mbele ya duka la vifaa vya umeme ambalo bado halijafunguliwa, mchoraji mabango anayeitwa na mtaa mzima Mama Ngazi amesimama juu, brashi mkononi, amevaa sweta zito. Chini yake, mdogo wa mumewe, seremala anayefanya naye kazi karakana moja, ameishika ngazi kwa mikono miwili. Shemeji anasema huyu mama ana homa. Mama anasema ni baridi tu.

Jina la Ngazi alilipata mwaka juzi, ngazi ilipoteleza akaangukia ubavu wa kushoto kwenye ukingo wa ukuta. Bandama ilipasuka. Madaktari waliitoa kuokoa maisha yake.

“Nilipozinduka niliuliza mmetoa nini, na kilikuwa na kazi gani,” anasimulia. “Muuguzi akaniuliza, mama, unataka dawa au darasa? Nikamwambia vyote, kwani nina pa kwenda?”

Darasa hilo alilichora. Lipo kwenye mlango wa karakana yao, ng’ambo ya barabara: kipande cha plaiwudi chenye duara za rangi. Wateja huuliza kama ni tangazo la nyanya. Ni seli B, walinzi wa mwili wanaozaliwa ndani ya uboho wa mifupa, na hawafanani kazi.

Za bluu ndizo nyingi. Hukaa kwenye tezi za kinga. Zikikutana na kijidudu kigeni hazikurupuki. Hushauriana kwanza na seli T, walinzi wenzao, kisha hujifunza kukilenga barabara.

“Hizo ni kama mimi na mteja msumbufu,” anasema. “Tunaelewana kwanza. Tunachelewa, lakini kazi inatoka safi.”

Baadhi hugeuka seli za plazma. Amezipaka njano na kuzichora zimevimba, maana kazi yao ni moja: kumwaga kingamwili zinazomng’ang’ania adui. Nyingine hubaki seli za kumbukumbu, za kijani, ambazo zinaweza kukaa miaka mingi zikingoja sura ile ile irudi. Chanjo nyingi huzitegemea hizo.

Pembeni kabisa kuna duara ambazo hazina rangi, mistari mitupu. Ni seli B za pembezoni mwa bandama. Hizi hazingoji kikao. Damu ikipita na bakteria wenye gamba la utelezi, kama wale wa nimonia, huanza kutoa kingamwili mapema, wenzao wakiwa bado wanajadiliana. Bandama ilipotolewa, kikosi hicho kilipoteza kambi yake.

“Kuzipaka rangi ingekuwa uongo,” anasema. “Kwangu hazipo kazini.”

Kwa hiyo alipewa masharti: achanjwe, atembee na vidonge vya antibayotiki, na akipata homa yoyote, hata ndogo, ameze na aende hospitali papo hapo. Kwa asiye na bandama, bakteria wanaweza kumshinda ndani ya saa chache.

Yote hayo anayajua. Anajua pia kwamba duka linafunguliwa kesho, na kwamba alipokuwa amelazwa, wateja wake walikwenda kwa wachoraji wengine na baadhi hawakurudi.

“Nimechanjwa, shemeji. Unasahau.”

“Sijasahau. Chanjo imewafunza wale wa kijani. Wale wasio na rangi wako wapi?” Anaonyesha karakana kwa kidevu.

“Umeanza udaktari.”

“Udaktari gani? Mlango umeuchora mwenyewe, na mimi nauona kila nikifuata msumeno.”

Mama Ngazi anachovya brashi na kuanza herufi E. Huyu ni mtu anayevuta mstari kwa jicho, bila rula, na fundi mwashi anaweza kuja kupima ukuta kwa mstari huo. Leo sivyo. Mstari unapinda, unarudi, unapinda tena.

Anautazama kama umechorwa na mtu mwingine. Anagusa shingo yake kwa kiganja.

“Shemeji, hebu uone huu mstari.”

“Nimeuona.”

“Kama umelewa.”

“Haujalewa. Una homa.”

Anashuka, ngazi moja moja. Anafunika kopo la rangi, anafungua mfuko wa pembeni wa mkoba wake na kumeza vidonge kwa maji ya chupa. Kisha anampigia simu mwenye duka.

“Bango lako litachelewa. Naenda hospitali. Ukiona huwezi kungoja, tafuta mwingine, sitanuna.” Anakata kabla hajajibiwa.

Muuguzi yule alishamwomba auchore upya ule ubao wa mlango wa karakana, uwe mkubwa, kwenye korido ya wodi, ili wanaozinduka bila bandama wakute majibu ukutani. Amepanga kuanza akipata nafasi.

“Nikifika leo nitaupima ukuta,” anasema akipanda nyuma ya pikipiki ya shemeji yake.

“Leo utapimwa wewe. Na ngazi je?”

“Iache hapo hapo. Washa.”