Kuupanda Mto Mdogo wa Mabwerebwere

Nyumba ile nilikuwa nimeiota kwa muda mrefu hata nikajua dirisha litakaloingiza jua la asubuhi. Mimi ni mshona nguo wa Mikumi, kibanda changu kiko kando ya barabara kuu, na malori yanapita kutwa. Masikio yakichoka nafumba macho najiona nimekaa sebuleni kwangu Mabwerebwere, Kilosa mjini, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu baba, nausikiliza Mto Mdogo. Ndivyo tunavyouita. Mto wenye jina ni Mkondoa. Huu wetu unapita nyuma ya nyumba za watu kwenda kuungana nao. Mwisho wa kiangazi matofali yangu yalipotimia pale kiwanjani, nikampigia fundi, nikafunika cherehani, nikaondoka kwenda kuonyesha msingi uanzie wapi.

Saa moja asubuhi nilipata lifti ya kenta iliyokuwa inarudisha matenga matupu. Dereva ni mteja wangu, suruali zake nazijua kuliko mkewe, akanikalisha mbele. Baada ya kijiji cha Ulaya ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, milima inatokea nusu nusu, nami nikasinzia.

"Dada, unacheka usingizini," akaniambia.

"Natundika mapazia. Niache."

Saa nne nilikuwa kwa shangazi Debora, dada yake baba, anayekaa jirani na kiwanja changu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Za Mikumi? Mbona umekonda?"

Sikukaa hata kidogo. Nilimshika mkono tukaenda kiwanjani, fundi keshafika na kamba zake. Kiwanja kina sehemu mbili. Juu ni mteremko wenye mawe. Chini yake kuna safu ya mikonge aliyoipanda baba, halafu tambarare safi ya mchanga, na kama hatua sitini mbele ndipo maji yanapopita. Sisi wajukuu wa wakata mkonge, mpaka wa kiwanja tunaupandia mkonge, kwa hiyo safu ile niliichukulia kuwa mpaka wa zamani na jirani aliyehama akambakishia baba upande wa chini. Nikaivuka, nikasimama katikati ya tambarare. "Hapa sebule," nikamwonyesha fundi. "Pale jiko. Vyumba vitatu vifuate huku." Akaanza kugonga vigingi.

Shangazi aliviangalia vigingi, kisha akaiangalia mikonge. Mwishowe akasema, "Kabla hamjachimba, twende tuupande mto."

"Shangazi, fundi yuko kazini."

"Atakunywa chai. Twende."

Saa sita tulikuwa tunafuata maji kwenda juu. Mto wenyewe ni wa kuruka kwa hatua mbili, lakini una mambo. Ulipita nyuma ya vyoo, ukapita chini ya migomba ya watu, ukatulia mahali penye jiwe pana ambapo shangazi alisema bibi yangu alifulia nguo zilizoganda utomvu wa mkonge. Jua lilichuja kwenye majani, maji yakinong'ona tu, mimi natembea kama ninayeongozwa usingizini. Nilijisikia raha ambayo sijaipata miaka mingi. Nilisema moyoni, hapa ndipo nitazeekea.

Tukafika kwenye tuta la reli ya zamani. Maji yalikuwa yanapita kwenye kalavati dogo upande wa kushoto. Upande wa kulia palikuwa na kalavati jingine la mawe, pana mara tatu, kavu kabisa, mbuzi wamejipumzisha ndani.

"Na hili la nini?" nikauliza.

"La mto."

"Mto si ule pale?"

"Pale ulihamia mwaka ule ulipochukua jiko letu. Waliojenga reli waliukuta hapa."

Nikageuka kutazama tulikotoka. Kutoka kwenye lile kalavati kavu ilishuka njia ya mchanga na mawe ya mviringo, ikakata nyua za watu, ikanyooka hadi kwenye mikonge ya baba. Tambarare yangu ilikuwa sakafu ya mto.

"Mikonge ile baba yako aliipanda ukingoni ili mizizi ishike udongo," shangazi akasema. "Mimi ndiye niliyemshikia machipukizi."

"Mbona kwenye simu hukuniambia?"

"Ulisema unajenga kwa baba yako, nikajua ni juu. Nani ajenge mtoni?"

Niliona aibu, kisha hasira. Nilimkasirikia baba aliyekufa bila kunieleza, nikaukasirikia na mto. Niliingia kwenye kalavati nikakaa na mbuzi, kwenye ubaridi ule, na naapa nilisikia maji yakipita miguuni pangu, ingawa mchanga ulikuwa mkavu.

Saa kumi tuling'oa vigingi. Mteremkoni panatosha vyumba viwili tu, na matofali yote ilibidi yabebwe kupandishwa. Fundi alinuna wazi. "Mama, mto umehama zamani, unaogopa mchanga?" Nilimgeuzia mgongo; nilikuwa nalia, na sikutaka anione. Kigingi cha sebule nilikipigilia mwenyewe kati ya mawe, juu ya mikonge.

Kesho yake nilimwachia fundi ujenzi nikarudi Mikumi, na mpaka masika yanaingia nilikuwa bado najiuliza kama sikuogopa bure. Mvua zilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne simu ikaita, nikasimamisha cherehani.

"Mto umepita," shangazi akasema. Nyuma ya sauti yake niliusikia ukinguruma.

"Umepita wapi?"

"Sebuleni kwako. Ile ya kwanza."

Nikamuuliza kuhusu kuta za mteremkoni. Akasema amesimama mlangoni pangu, miguu mikavu, anautazama.