Punda Kidomo Mlangoni kwa Batuli

Wifi yangu Batuli alikuwa na wapenzi wawili, na kaka yangu Abbasi, mume wake wa ndoa, alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni: Bwana Twalibu Lukumani, mwandishi wa kitabu cha watoto kiitwacho Punda Kidomo. Alikipata shuleni akiwa binti mdogo, Mwingereza bado yuko, na hakukiachia tena. Aliolewa nacho. Siku sanduku lake lilipofunguliwa kwetu Ng'ambo, mtaa wa Tabora, nilikikuta kimeviringishwa katikati ya khanga za harusi. Wakati huo sikujua kusoma, nikadhani ni msahafu, nikaenda kutawadha kwanza.

Kitabu chenyewe chembamba. Punda mmoja mwenye maneno mengi anafuata msafara kutoka pwani, anagombana na wapagazi, anagombana na chumvi aliyobebeshwa, anaachwa njiani, naye anajikongoja peke yake mpaka Tabora. Picha ya mwisho inaonyesha mgongo na mkia wake, amesimama mbele ya mlango wa nakshi uliofungwa. Basi, hadithi imekwisha. Watoto wengine walifunika kitabu wakaenda kucheza rede. Batuli alilia mpaka mama yake akamtishia fimbo, na tangu siku hiyo akawa na swali moja: mlango ulifunguliwa, au haukufunguliwa?

Alilikaanga swali hilo pamoja na vitumbua alivyouza stesheni. Aliwauliza wanawe, akamwuliza fundi cherehani, akamwuliza hata shehe. Mimi nilimjibu kwamba punda alikufa kwa njaa pale pale kizingitini, nikiwa namchokoza tu. Alininunia mpaka Idi.

Ukafika mwaka wa foleni za sukari. Jioni moja Mwalimu Raymundi, aliyekuwa akitufundisha kisomo cha watu wazima, Batuli akimsaidia, alituletea habari darasani: Bwana Lukumani yumo safarini kwenda Kigoma kukagua madarasa ya huko, na treni ikisimama Tabora kugawanya mabehewa atashuka kutusalimu. Batuli alipiga kigelegele, akanikumbatia, akamkumbatia na mwanafunzi mwenzangu Bi Koleta asiyependa kukumbatiwa.

Siku ya siku, vitumbua vilitiwa chumvi badala ya sukari. Watu walikula wakanyamaza, wakidhani ndiyo hali ya uchumi. Wifi alivaa khanga mpya, na kandambili mbili zisizojuana, moja ya kijani, moja nyekundu.

"Mimi nilipokuja kuposa," Abbasi alimwambia, "nilikukuta umelala."

"Wewe uliandika nini?" Batuli akamjibu.

Njiani akanifunulia mpango wake. Nyuma ya kitabu imeandikwa kwamba mwandishi kazaliwa Kisarawe. Kisarawe ni kwa Wazaramo, na Mzaramo kwetu sisi Wanyamwezi ni mtani tangu enzi za wapagazi. Mtani hupewi ruhusa ya kumheshimu. Unamtukana, unamnyang'anya mzigo wake, humrudishii mpaka ajikomboe, na akikasirika ndiye mwenye makosa.

"Nikimwamkia shikamoo ataitika marahaba atapita zake," alisema. "Nikimkamata kiutani, mzigo hautoki mpaka anijibu swali langu."

Nikaona kweli wifi ana akili. Mungu atusamehe wote wawili.

Treni ikaingia. Akashuka bwana mmoja mwembamba, mvi zimemwingia, shati la kitenge, mkoba wa ngozi mkononi. Mwalimu Raymundi hata hakuwahi kufungua kinywa. Batuli alimrukia mgeni, akampokonya mkoba, akaukumbatia kifuani.

"Nani kamfungulia mtumwa wangu huyu?" alipiga kelele, stesheni nzima ikageuka. "Babu yako tulimwuza kwa kibaba cha chumvi, na chenji tukadai! Leo umejileta mwenyewe, mla madafu wewe! Piga magoti!"

Wanyamwezi wote tukaangua kicheko, tukasubiri Mzaramo arudishe, maana Wazaramo kwa kurudisha hawajambo. Yule bwana akazitazama kandambili za wifi, ya kijani na nyekundu.

"Dada yangu," akasema polepole, "mimi nimezaliwa Kisarawe, lakini si Mzaramo. Babu yangu Lukumani alitoka Ipole, huku huku kwenu Unyamwezini. Alibeba pembe mpaka pwani, akaumwa, akabaki huko, akaoa. Kila mwaka akisema atarudi. Hakurudi." Kisha akainamisha kichwa, akasalimia, "Mwangaluka."

Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, na jua lilikwisha kuvuka utosi. Hakuna aliyemcheka. Ndilo neno pekee la Kinyamwezi aliloachiwa na babu yake.

Uso wa Batuli ukapauka. Kumwita mtani mtumwa ni mapenzi. Kumwita hivyo mtu asiye mtani, mkubwa wako, tena ndugu yako, ni aibu ya kuhamia mji mwingine. Mkoba ukamshuka taratibu mpaka miguuni. Nilimwonea huruma hata nikasahau kumcheka.

"Shikamoo, kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe. Nilitaka tu kukuuliza. Kidomo alifunguliwa mlango?"

Bwana Lukumani akaitika: "Marahaba. Sijui, dada."

"Hujui? Si umeandika mwenyewe!"

"Niliandika mpaka mlangoni, nikashindwa. Anayefungua ni nani, anasema nini, Tabora wanakaribishaje mtu aliyechelewa hivyo? Nilikuwa sijafika. Leo ndiyo kwanza nakanyaga hapa."

Firimbi ya treni ikalia. Nikamwona wifi yangu anabadilika usoni, rangi inarudi, meno yanatoka nje moja baada ya jingine. Akauokota mkoba.

"Kigoma itakuwepo hata kesho," akasema, akaanza kukimbia, kandambili ya kijani ikabaki stesheni. Mgeni akabaki ananitazama mimi.

"Mfuate, kaka," nilimwambia. "Huyo hata sisi hatumwezi."

Tukamfuata mbio mji mzima, mwandishi akihema na kucheka, Mwalimu Raymundi akilalamikia ratiba, watoto nyuma yetu wakiimba jina la Kidomo. Karibu na nyumbani nilimfikia Batuli, akanishika mkono, akanivuta ndani, akaubamiza mlango nyuma yetu na kutia komeo.

"Wifi, una wazimu? Umemfungia mgeni nje!"

"Nyamaza."

Nje kelele zikatulia. Tukasikia mtu anavuta pumzi, halafu anagonga, kwa woga.

"Hodi."

"Nani mwenzangu?" Batuli aliuliza, machozi yanamtiririka, anacheka.

Sauti ikajibu, "Ni mimi. Ni mjukuu wa Lukumani. Nimechelewa."

Batuli akashika komeo, likakwama mikononi mwake. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akanichapa kofi.

"Usiguse, wifi," alisema. "Mlango huu ni wangu." Akafungua.