Friji la Mafuta na Ng'ombe wa Baba Yangu

Nililichukia friji lile tangu siku lilipoingia kijijini kwetu Ndama, limebebwa na wanaume wanne kama mgonjwa. Mume wangu, mwalimu wa shule ya misheni, alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa kuukuu, la mafuta ya taa, na lilinuka kuliko jiko langu. Kazi yake ilikuwa kuwapa walimu wenzake maji ya baridi Jumapili. Watu waliokulia kwenye rubisi, pombe ya ndizi, leo eti koo zao hazipitishi maji yasiyo na barafu!

Mwaka wa pili likaacha kugandisha. Mume wangu hakuligusa hata kwa kidole.

"Tutauza ng'ombe wako," alisema, "tununue jipya."

Ng'ombe yule nilipewa na baba yangu nilipoolewa. Maziwa yake yalikuwa yangu, nikimpa nimtakaye bila kuomba ruhusa. Nikamwambia mume wangu kwamba huo ni wazimu, na fundi nitamtafuta mwenyewe.

Fundi alitoka Kayanga. Alisafisha utambi na bomba la moshi, kisha akatuamuru tulipindue, miguu juu, likae hivyo siku mbili, kwani dawa ya ubaridi ilikuwa imekwama ndani. Mume wangu akacheka kwa dharau, akaenda zake shuleni.

Likiwa bado miguu juu, mama mkwe akachungulia ndani, akakunja pua kwa harufu ya ukungu. Sisi chombo cha maziwa hukifukiza kwa moshi wa majani makavu. Basi akawasha majani kwenye kigae, akakitia ndani, akafunga mlango.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimelifukiza, mwanangu. Chombo kisichofukizwa huharibu maziwa."

Mpira wa mlango ulikuwa umebabuka. Sikuwa na moyo wa kumgombeza, maana katika nyumba ile yeye peke yake alikuwa upande wangu. Nilisugua masizi mpaka vidole vikachubuka.

Siku ya tatu tukaliinua na kuliwasha. Kesho yake asubuhi nikakuta barafu. Barafu! Nikampelekea mume wangu kikombe cha maji, kichwa kimenivimba. Akaonja, akatema uani.

"Yananuka moshi."

"Harufu itaisha."

"Jipya nimeshaagiza."

"Lini?"

"Kabla fundi wako hajaja. Mnunuzi wa ng'ombe anafika leo."

Mama yake akamsihi kwa Kinyambo amwache mnyama wa watu. Hakugeuka. Alikuwa akifungua kamba ya ng'ombe.

"Mke anayegawa maziwa bila kuniuliza," alisema, "ananifanya mimi mgeni hapa."

Hapo nikaelewa kwamba hata kama friji lile lingegandisha ziwa zima, ng'ombe wangu angeuzwa tu. Mume wangu amekufa miaka mingi sasa. Sijamsamehe.