Mwezi Ambao Kengele Haikulia

Philomena Hudock alikuwa na udadisi wa kuchosha watu. Kwa miaka kumi na tisa alitunza makaburi ya parokia ya Lessig, mji wa wachimba makaa ya mawe huko Pennsylvania, na hakuna maiti iliyoteremshwa kaburini bila yeye kuuliza kilichomuua marehemu.

Oktoba hiyo alikuwa na jambo la kumkosesha raha. Baraza la mji lilitaka kuuza ukumbi wa shule ya zamani, wenye vitanda thelathini, mitungi ya oksijeni na maboksi ya barakoa, akiba ya siku maradhi yatakapolipuka tena. Vitanda hivyo vililetwa baada ya korona, Emil mumewe akiwa ameshakufa, tena kwa kukosa kitanda, kwenye korido ya hospitali iliyo mwendo wa saa nzima. Philomena hakutaka viende popote.

"Mena, dada yangu, pumzika," alisema Leo Wargo, mwenyekiti wa baraza, aliyesoma naye tangu utotoni. Walikuwa kwenye chakula cha Ijumaa kanisani, naye anatafuna pierogi, zile sambusa za kuchemshwa zenye viazi ndani. "Mwaka 1918 mafua yaliua watu milioni hamsini duniani. Hapa je? Kumi na mmoja tu! Upepo wa mlimani huu, mama. Dawa tosha."

"Upepo gani, Leo? Wewe ukipigwa na huo upepo si unakohoa mpaka Pasaka?"

Watu wakaangua kicheko, lakini ile kumi na moja ikamkaa rohoni Philomena.

Idadi hiyo ilitoka kwenye daftari la mpiga kengele. Lessig mtu akifa, kengele hulia mara moja kwa kila mwaka wa umri wake, kisha jina lake huandikwa. Wafu wa mji walihesabiwa humo tangu enzi za mababu. Philomena akalifungua. Oktoba 1918: majina kumi na moja hadi tarehe tisa, halafu kimya mpaka katikati ya Novemba. Akarudia kusoma kwa kidole. Wiki tano nzima, hakuna aliyefukiwa mgodini? Hakuna hata bibi mmoja wa kujifia kwa uzee? Mji gani huo!

Jibu alilikuta kwenye barua ya paroko wa wakati ule, chini ya kasha la mavazi ya misa. Daktari alikuwa amepiga marufuku kengele, maana wagonjwa walioisikia kutwa nzima walikuwa wakikata tamaa. Na mpiga kengele, mtu wa utaratibu, hakumwandika yeyote ambaye hakumpigia. Philomena alicheka kwa mshangao, kisha akajikuta analia.

Jumamosi alimburuta Leo hadi nyuma ya makaburi, kwenye nyasi zisizo na jiwe hata moja, akampa fimbo ya chuma anayotafutia makaburi yaliyopotea.

"Choma hapo. Ardhi ambayo haijachimbwa ina mawe, itagoma; iliyochimbwa ni laini."

"Umeniita kufanya kibarua?" Leo alinung'unika, akachoma. Fimbo ikazama mpaka ngumi yake ikagusa nyasi. Akasogea kidogo, ikagoma. Akasogea tena, ikazama. Utani ukamwisha. Akaifuata safu, hatua kwa hatua, mpaka shati likamganda mgongoni.

"Mena, mbona hili fupi hivi?"

"Lipime."

Akachoma kuanzia kichwani kwenda miguuni. Hatua moja tu, ardhi ikagoma.

"Huyu ni mtoto," alisema Leo.

"Mtoto, ndiyo. Na wa pembeni yake pia."

"Wako wangapi wote?"

"Nimefika mia moja na nne. Sijagusa ule upande wa ukuta."

Leo aliichomeka fimbo nyasini, akaugeukia upande wa ukuta.

"Kule ukumbini kuna vitanda vingapi?"

"Thelathini."

"Havitoshi," alisema Leo, akaichukua tena fimbo na kuelekea ukutani.